Nabisha Hodi Nami Nimo Ndani

Kitendawili!

Semeni "Tega", basi, msinitumbulie macho kama dagaa wa juani.

Nabisha hodi nami nimo ndani, nikikaribishwa, natoka.

Namsikia mmoja huko nyuma anasema kifaranga ndani ya yai. Siyo. Kifaranga hangoji kukaribishwa, hupasua akaja zake. Na wewe uliyekwisha fumbua kinywa unataka kunipa mji, kama ada yetu ilivyo: aliyeshindwa hutoa mji, mtegaji akenda akaula raha zake, kisha ndipo akafichua jibu. Mji wenu siutaki bado, uwekeni. Wapo watu Pemba hii hii waliotoa miji yao kwa kitendawili hiki, tena kwa kicheko, na mpaka leo wakipita mbele ya mlango uliofungwa huongeza mwendo.

Wa kulitoa jibu alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa hataki. Sikilizeni habari ya Ruweida.

Ruweida wa Ole, mke wa mwalimu Usama, alikuwa na mimba pevu, na akiihofia kuliko roho yake. Ya mwanzo ilikuwa imemponyoka mwaka uliopita bila ya homa wala kuanguka. Mtoto alinyamaza tu tumboni, kama mtu aliyekatizwa maneno. Kwa hivyo hii ya pili aliisikiliza. Akipika, husimama na mwiko mkononi akingoja teke. Akiwa kazini, huacha kuandika akaweka kiganja ubavuni, na mtoto akipiga humjibu kwa sauti ndogo, "Nakusikia, mwanangu." Akichelewa kupiga, basi hata mchuzi uungue, Ruweida haoni.

Kazi yake ilikuwa ya kompyuta. Aliisomea Unguja, akarudi, akaajiriwa na Mzee Humoud, mwenye kampuni ya viungo na mwani. Mwani ulikusanywa na kufungwa marobota katika ghala la Konde, mdalasini na pilipili manga zikikaushwa Ole, na makao makuu yalikuwa Gombani, ndani ya jumba la Mzee mwenyewe. Mzee Humoud ni katika ule ukoo wa watu wenye asili ya Omani waliokuwa na mashamba zamani. Mashamba yalikwenda na zama zake, likabaki jumba. Chini palikuwa ofisi. Juu akikaa yeye na dada yake mjane, Bi Rumaitha, bibi mwembamba mwenye ucheshi wa kuchoma.

Siku moja Mzee alitamka kwamba amechoka na simu. Konde wanapiga kuuliza bei, Ole wanapiga kuuliza magunia, dereva anapiga kuuliza aende wapi. Akataka kampuni iwe na tovuti yake ya ndani, ya wafanyakazi peke yao, mtu wa nje asiione. Ruweida ndiye aliyepewa kuipanga: kurasa zipi ziwemo, ipi iwe nyuma ya ipi, na nani aruhusiwe kufika wapi.

"Mambo ya kompyuta mie siyajui," Mzee alimwambia. "Nyumba naijua. Fuata nyumba hii. Chumba kwa chumba."

Ruweida aliyapenda maneno hayo. Akaitembea nyumba na karatasi yake akichora. Baraza ni ya kila mtu, hata mpita njia hukaa; basi huo uwe ukurasa wa matangazo, wauone wafanyakazi wote. Ukumbini hufika aliyekaribishwa; humo ziingie kazi za matawi, Konde waone ya Konde na Ole ya Ole. Ndani ni kwa wenyewe: mishahara, mikataba, maneno ya Mzee na wakuu wake. Na uwani, kwa wanawake wanaochambua mwani na kubandua mdalasini, wawe na ukurasa wao wasemezane bila ya mwanamume kuchungulia.

"Huko utie na jiko, mwanangu," Bi Rumaitha alimwambia, akipita na sinia la vikombe. "Umbea mbichi hauliki."

Mwisho wa ukumbi, baina ya stoo na ngazi, palikuwa na mlango mmoja mfupi wa mbao nzito. Komeo lake la chuma lilikuwa upande wa nje. Ruweida alilitazama, akajiuliza ni chumba gani hicho mtu akalala akafungwa na aliye nje. Akadhani ni cha kuwekea vitu, akakipita bila ya kukichora.

Mzee alipoletewa karatasi aliipitisha kidole, baraza, ukumbi, ndani, uwani. Kidole kikarudi nyuma.

"Umepunguza chumba."

"Kile cha karibu ya ngazi, Mzee? Nilidhani stoo."

"Kitie."

"Chumba hicho cha nani?"

Tasbihi ilikuwa ikienda mkononi mwa Mzee, ikasimama. Bi Rumaitha, aliyekuwa mlangoni, naye akasimama, na vikombe vikalia juu ya sinia. Mzee akamtazama Ruweida kama aliyesemeshwa kwa lugha ya ng'ambo.

"Kitie," akasema. "Kisha usimruhusu mtu. Asiingie mtu. Hata mie."

Akaondoka.

Ruweida akarudi kwenye kompyuta yake akakitia. Ukurasa mweupe, hauna neno wala picha, na wa kuufungua hapana hata mmoja. Moyoni alicheka kidogo. Waliosoma naye wangemwambia kajenga chumba kisha kautupa ufunguo kisimani. Lakini mwenye nyumba kasema, na nyumba ni yake.

Kisha akaweka mlango wa wageni, kwa ajili ya wanunuzi na wenye malori. Mgeni huandika jina lake na haja yake. Ombi huwafikia wakuu wa matawi. Na chini ya ombi pana kisanduku kimoja kinachosema: *Andika jina la mji unaomfungulia.* Mkuu wa Konde akiandika Konde, mgeni kafunguliwa ya Konde, basi. Alifanya hivyo makusudi, kwa wepesi, maana wakuu wenyewe kompyuta waliijulia ukubwani.

Yote haya yalikuwa mwaka ule wa uchaguzi wa kurudiwa. Mnaukumbuka, msijitie usahaulifu. Mtu na jirani yake hawaamkiani. Duka la huyu halimuuzii yule hata chumvi. Mtu akifa, nusu ya mtaa huzika na nusu hukaa ndani na madirisha yamefungwa, na jua linawaka. Mzee Humoud akamwita Ruweida.

"Zile ngazi za ruhusa ulizozipanga kwa kazi, zipange upya. Wenzetu wa chama wafike mpaka ndani. Wale wa kule waishie barazani."

"Mzee, wengine wa kule ndio wanaojua kazi."

"Wakuu wa matawi waache wawafungulie wageni wao. Lakini ndani wasitie mguu. Nimeshasema."

Usama, mume wake, alikuwa wa kule. Yeye Ruweida alikuwa wa mtoto wake tu. Alikaa akawafungia watu mlango kwa ncha ya kidole, jina baada ya jina: bibi aliyemfundisha kubandua mdalasini, dereva aliyempakia bure alipokuwa na kichefuchefu, na wengine waliokula naye wali sinia moja. Jua lilikuwa la utosini, wenzake wamekwenda kula. Alipolifunga jina la mwisho, mtoto alimpiga tumboni. Si teke la kujinyoosha. Ngo, ngo, ngo. Mapigo yaliyopangwa, kama ya kifundo cha kidole juu ya ubao.

"Nakusikia," Ruweida akasema.

Tangu mchana huo mtoto akaacha kucheza. Asubuhi akijigeuza kidogo tu, jioni kidogo tu. Jua likifika utosini, ngo, ngo, ngo. Kisha anatulia tena. Hospitali walimlaza kitandani wakasikiliza. Muuguzi alikunja uso, akasema moyo wa mtoto unakwenda ila unakwenda kwa uvivu; arudi, na siku ambayo hatasikia kitu kabisa asingoje, aje mbio. Usama alimshika mkono njia nzima wakirudi nyumbani, na wote wawili walikuwa wakihofia yale yale.

Ikawa siku moja, kabla ya adhuhuri, Kificho kampigia simu. Kificho ndiye mkuu wa ghala la Konde, mtu wa maneno, asiyeweza kununua hata samaki bila ya mzaha.

"Bi Ruweida! Huyo mgeni wako wapi umempata? Hodari, wallahi!"

"Mgeni gani?"

"Aliyeomba leo. Penye jina kaandika Mgeni. Penye haja, kaweka kitendawili. Nabisha hodi nami nimo ndani, nikikaribishwa natoka. Nikamwandikia kifaranga, akaniambia siyo. Nikamwandikia jino la mtoto, akaniambia siyo. Mpaka chai imeniganda. Basi nimempa mji."

"Umempa nini?"

"Mji, bibi! Si ndio ada? Na kisanduku chako chenyewe kinauliza mji. Nimempa Konde." Akacheka mpaka akakohoa. "Ale raha zake huko, akutane na uvundo wa mwani."

Ruweida hakucheka. Alifungua kompyuta akatazama. Kweli, katika kurasa za Konde palikuwa na jina jipya, Mgeni. Kila ombi lilikuwa na alama ya kuonyesha limetokea wapi: simu ya nani, kompyuta ya ofisi gani. Akalifungua la huyu. Halikutoka Konde wala halikutoka nje. Limetoka katika ule ukurasa mweupe, chumba kisicho na mwenye ruhusa.

Akamwondoa Mgeni. Akafumba macho, akafumbua, jina lipo. Akamwondoa tena. Lipo. Kama unavyofagia kivuli.

Baada ya sala Kificho alipiga tena. Mzaha wote ulikuwa umemtoka.

"Ruweida, hebu nambie. Kuna mtu mumemfungia katika ghala langu?"

"Mie niko Gombani, Kificho. Nimfungie nani?"

"Ghala nimelifunga mwenyewe, kufuli liko nje nalitazama. Watu wangu wote hawa hapa wanakula, nawaona. Na kunabishwa. Kwa ndani."

"Labda panya."

"Panya hasemi hodi."

Walifungua, akamweleza. Marobota ya mwani, vumbi, na jua likipita kwenye mabati. Mtu hakuna. Wakafunga. Kukabishwa. Kificho alisema anaondoka, na ghala likae wazi mpaka kiama, anayetaka kuiba mwani aibe.

Ruweida akampigia Mwanakhamis, mkuu wa Ole, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya shamba.

"Mwanakhamis, sikiliza. Akija mgeni na kitendawili usimfungulie."

"Ebo! Umechelewa, shoga. Nishampa Ole yote na mihogo yake. Nilijaribu mara tatu, nikasema huyu kanishinda. Ee, nambie jibu basi."

"Silijui."

"Haya, nitakupigia. Wacha nikafungue banda la mdalasini, kuna mtoto wa watu kafungiwa humo."

"Umejuaje?"

"Si nasikia anabisha?"

Halafu Ruweida akasikia viatu vyake vya ndara kwenye changarawe, na komeo, na mlango. Kisha hakusikia kitu. Alipomwita, Mwanakhamis alijibu kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuijua kwake. "Hamna mtu humu, Ruweida," akasema. "Lakini hewa yake ina joto, kama ya chumba alicholala mtu."

Ikabaki Gombani.

Siku iliyofuata mtoto hakujigeuza hata kidogo. Ruweida aliamka naye kimya, akanywa maji ya baridi, akalala ubavu, akamwimbia. Kimya. Usama alikuwa skuli Wete. Alimpigia, naye Usama akasema anakuja amchukue wende hospitali. Ruweida akasema atamngojea ofisini, maana gari hupita pale. Hilo lilikuwa kweli, ila si lote. Kulikuwa na jambo ndani ya nyumba ile lililokuwa likimvuta kwa kitovu.

Alipofika, jua lilikuwa linapanda utosini. Wafanyakazi wamekwenda, Mzee yuko msikitini. Akakaa mbele ya kompyuta. Ombi lilikuwa limeshafika, linamngoja yeye.

*Nabisha hodi nami nimo ndani, nikikaribishwa, natoka.*

Aliyatazama maneno na kiganja kikiwa ubavuni. Kwa mwanamke aliye na hali ile, halikuwa gumu. Akaandika: *Mtoto tumboni.*

Jibu likaja polepole, herufi moja moja, kama la mtu asiyezoea.

*Umekaribia. Si wewe niliyekutega.*

Ruweida akaandika: *Nani, basi?*

*Mwenye komeo.*

Na hapo akasikia. Si kwenye kompyuta. Ukumbini, karibu ya ngazi. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke, ya adabu, ya chini. Sauti ya mtu aliyefunzwa kwamba nyumba ya watu haipigiwi kelele.

Wazee wetu wametufunza, na Ruweida alifunzwa vile vile: hodi ya mtu usiyemwona haijibiwi. Wacha abishe mara tatu; aliye mtu atajitaja, asiye mtu atakwenda zake. Akaingoja ya pili. Akaingoja ya tatu. Ndipo akafahamu jambo ambalo hakulipenda: kwenda zake ni kwa aliye nje. Aliye ndani aende wapi?

Alitoka akishika ukuta. Kwenye kidato cha chini cha ngazi, mkabala na ule mlango, alikuwa amekaa Bi Rumaitha, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja mahali pake pa kila siku.

"Na wewe umesikia," Bi Rumaitha alisema.

"Bi, ni nani?"

"Nilidhani ni masikio yangu. Miaka yote hii nasikia, nasema ni uzee." Akavuta mtandio. "Kaa, mwanangu. Usisimame na mzigo huo."

Ruweida akakaa. Bi Rumaitha akasema akiutazama mlango, si yeye.

"Humoud alikuwa na binti. Abeer. Mtoto wa vitendawili, yeye na baba yake. Kila jioni, huyu anatega, huyu anategua. Akaolewa na kijana mzuri tu, mvuvi wa kwao. Ukaja uchaguzi ule wa mwanzo wa vyama vingi. Mkwe akawa wa kule. Basi Humoud akamwita binti yake aje kumwangalia mama yake, wakati huo yu hai bado, alipokuja akamtia humo. Akasema hatoki mpaka mumewe arudishe kadi ya chama chake. Na mtoto alikuwa na mimba, kama yako hiyo."

"Akapiga kelele?"

"Abeer? Apige kelele, na baba yake ana wageni barazani?" Bi Rumaitha alitabasamu, na tabasamu hilo Ruweida angependa asingeliona. "Alibisha hodi. Mchana kama huu. Humoud akatuambia asimjibu mtu, anatutania tu, akijibiwa atajiona kashinda. Mwisho akasema kwa ndani, 'Baba, kitendawili!' Humoud alikuwa hapo ulipo wewe. Maisha yake yote hajapata kutegwa na mtoto yule asiseme 'Tega'. Siku ile hakusema. Mtoto akakitega vivyo hivyo, kwenye ubao. Kisha akanyamaza. Tukasema amelala." Akashusha pumzi. "Tulipofungua, uchungu wa uzazi ulikuwa umeshawamaliza wote wawili. Yeye na aliyekuwa anakuja."

Mlango wa mbele ukalia. Mzee Humoud aliingia na kanzu yake nyeupe na kofia, anatoka msikitini. Aliwaona walipokaa. Akaona wanatazama wapi.

"Ondokeni hapo."

"Mzee," Ruweida akasema, na hakuinuka. "Chumba hiki cha nani?"

"Kifute! Kwenye mashine yako, kifute. Futa yote, sitaki tena tovuti."

"Nimefuta. Kinarudi."

"Basi mpe mji! Nimesikia habari za Konde, nimesikia za Ole. Mpe Gombani, mpe Chake nzima mpaka bandarini, aende zake!"

"Hataki mji, Mzee. Keshapewa miji miwili, na bado anabisha. Anataka jibu."

Ngo, ngo, ngo.

Mzee Humoud akashika nguzo ya ngazi. Tasbihi ikamponyoka, hapana aliyeinama kuiokota.

"Siwezi," akasema.

"Wangu hajapiga tangu alfajiri," Ruweida alisema. Hakulia, machozi yalikuwa yakijiendea yenyewe. "Tangu siku ile uliyoniambia niwafungie watu, naye amejifungia. Anabisha saa anayobisha huyo, na leo hakubisha. Mimi nimemjibu wangu kila siku, Mzee. Kila siku namwambia nakusikia. Huyo mwengine sina ruhusa ya kumjibu. Ulisema asiingie mtu, hata weye. Nani aitoe ruhusa hiyo kama si weye?"

"Humoud," Bi Rumaitha akasema taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto aliyepanda mti asijue kushuka. "Kaka yangu. Mara ile uliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Mjibu mtoto."

Nje gari la mizigo lilipita likielekea Konde, watu juu yake wakiitana, kisha sauti zao zikapotea. Mzee Humoud akasogea kwenye mlango. Akaweka kiganja juu ya komeo. Chuma kilikuwa na kutu, kikamwachia alama nyekundu kiganjani. Hakulivuta. Alijua, kama anavyojua kila mtu aliyelelewa, kwamba aliyebisha hodi hafunguliwi mlango kabla ya kujibiwa.

"Tega," akasema.

Ilikuwa sauti ya mzee aliyekauka, lakini neno lilikuwa la baba anayecheza jioni na mwanawe. Kwa ndani kikasikika kitu kama pumzi ya mtu aliyekwisha kata tamaa ya kuitikiwa. Kisha maneno yakaja, karibu kabisa na ubao, hata Ruweida akahisi yanapita juu ya shingo yake.

"Nabisha hodi nami nimo ndani. Nikikaribishwa, natoka."

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Ruweida akaona jibu linamfika kooni na linarudi, linafika na linarudi, na kila linaporudi nyumba inazidi kuwa na joto, joto la chumba alicholala mtu. Akajikumbatia tumbo kwa mikono yote miwili. Na pale, chini ya viganja vyake, kwa udhaifu kama kuku anayedonoa punje kwenye mkeka, akahisi.

Ngo.

"Anabisha, Mzee," akanong'ona.

"Wako au wangu?"

"Sijui. Jibu!"

Mzee Humoud akaweka paji la uso juu ya mlango, kofia ikamwanguka.

"Ni weye, Abeer," akasema. "Ni weye na mwanao. Chumba ni chenu, na mie ndiye niliyewafungia. Karibuni, mwanangu. Tokeni."